Herufi Sita za Mikumi, Sita za Kilosa

Fundi alivuka barabara mara nne kabla ya kuandika herufi ya pili. Nilimhesabu nikiwa kwenye benchi la mama lishe pale Mikumi mjini, nikisubiri gari la Kilosa. Ng'ambo yetu kulikuwa na duka jipya la vipuri, na juu ya mlango wake bati refu lililokwisha kupigwa rangi nyeupe. Fundi alipanda ngazi, akachora M moja kwa chaki, akashuka, akatazama kulia na kushoto, akavuka, akachuchumaa karibu na miguu yetu huku amekunja macho kama mtu anayetazama jua. Akarudi. Akafuta mguu mmoja wa ile M kwa kitambaa, akauchora upya vidole viwili kando. Akavuka tena.

"Shikamoo, fundi," nilimwambia ilipofika mara ya nne.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unavuka sana?"

Hakunigeukia. Macho yalikuwa bado kwenye bati. "Wasomaji wako huku. Kule juu ya ngazi nipo mimi peke yangu."

Gari la Kilosa likaja, likajaa, likaondoka. Mimi nikaagiza chai nyingine.

Kazi ile tunaiita kuandika mabango, na tunaitaja haraka haraka kana kwamba ni kazi ya mkono tu. Mtoto mwenye mwandiko mzuri shuleni huambiwa atakuja kuwa mwandika mabango. Lakini mwandiko ni wa anayeandika, na bango ni la anayesoma. Anayesoma pale Mikumi yuko safarini. Barabara ile inatoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na basi likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Bango linaloanza kusomeka ukiwa mita 70 kabla ya kulifikia lina sekunde tatu za uhai, kisha linabaki kuwa bati lililopita dirishani. Ndani ya sekunde hizo, abiria aliyeamka saa kumi alfajiri, mwenye mtoto mapajani na usingizi machoni, anatakiwa ajue kwamba pale kuna vipuri, au supu, au choo. Hana wajibu wowote wa kusoma. Mzigo wote ni wa yule aliyeshika brashi.

Jina la mji lenyewe lilimtaabisha fundi. Mikumi ni miti, ile mivumo mirefu ya jamii ya minazi, yenye shina linalovimba kidogo juu ya kiuno. Ukiandika MIKUMI kwa herufi kubwa unaipata miti hiyo imesimama. M ina miguu miwili, I ni shina tupu, K ni shina lenye matawi mawili, U ni mashina mawili yaliyoungana chini, kisha inakuja M tena na I tena. Herufi nne zinafanya kazi ya sita, na hakuna mviringo hata mmoja isipokuwa kitako cha U. Ukizipanga kwa umbali sawa wa rula, mashina yanasongamana yakawa uzio, na jicho linalokimbia halipati pa kuingilia. Ndiyo maana alianza na M zote mbili, ya kwanza na ya tano, kabla ya kugusa herufi nyingine yoyote. Hizo ndizo zinazokula nafasi. M ukiibana, alinieleza, inakuwa kama kibanda kilichobonyea. Ukiiachia inammeza jirani yake. Kila I akaiachia hewa pembeni. Rula ilikuwa mfuko wa nyuma muda wote, na aliitoa kupimia urefu wa herufi tu. Nafasi iliyo kati ya herufi na herufi haina kipimo chake katika rula, alisema, inapimwa kwa kuvuka barabara.

KILOSA ingemtaabisha kwa namna nyingine. Nayo ni herufi sita, lakini zote tofauti. L inaacha tundu juu ya mguu wake, kisha O inafuata na tumbo lake, na pengo kati ya hizo mbili huonekana pana hata zikikaribia kugusana. S inataka kuanguka kila ukiitazama. A ya mwisho imeegemea pande zote mbili na haina bega la kuufunga mstari. O nayo ina siri yake. Ukiiandika kwa urefu uleule wa K, itaonekana imedumaa. Lazima ipite mstari kidogo juu na kidogo chini, unene wa ukucha, ndipo jicho likubali kwamba zimelingana. Wachonga mawe wa Roma ya kale walilijua hilo, na fundi wa Mikumi, ambaye hakuwa na mwalimu zaidi ya kaka yake aliyemtangulia kazini, analijua vilevile. Nilipomuuliza nani alimwambia, alionekana kushangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kuambiwa.

Kisha kuna A. Kiswahili ni lugha ya A. Chukua bango lolote, DUKA LA DAWA, KARIBU SANA, MAZIWA YANAPATIKANA HAPA, uhesabu. Fundi asiyeiweza A ataumbuka kila siku ya maisha yake. Kilele kikiwa chembamba kinachoma. Ule mwamba wa katikati ukikaa juu mno, herufi inafanana na mtu aliyefunga mkanda kifuani. Katika neno DAWA, A na W zinalaliana, huu mteremko umeufuata ule, na ukiziachia umbali wa kawaida neno linakatika vipande. Tena maneno yetu ni marefu. ZINAPATIKANA ni herufi kumi na mbili, na mlango wa duka mara nyingi hauzidi mita moja. Aliyejifunza kazi hii kwa vitabu vya lugha yenye maneno mafupi atashindwa papo hapo. Fundi wetu ana dawa yake: herufi nyembamba zenye miguu minene, au neno kuvunjwa kwenye silabi ambayo mdomo nao ungepumzikia. Sijawahi kuona somo hilo limeandikwa mahali. Limeandikwa kwenye milango.

Ukitoka mjini kuelekea Morogoro, barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa karibu kilomita 50 unasafiri ndani ya makazi ya wanyama. Huko herufi zinapungua, picha zinachukua zamu. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ndani yake mnyama mweusi asiye na jicho wala mdomo. Huwa nayatazama mabango hayo kwa heshima. Kuna mtu alikaa akajiuliza: ni nini kinachomfanya tembo awe tembo akiwa kivuli tu? Ni mkonga, ni sikio, ni namna mgongo unavyoteremka? Twiga ni rahisi, shingo inamaliza kazi. Nyati je? Ukikosea pembe umechora ng'ombe, na dereva wa lori hashtuki kwa ng'ombe. Katika picha ile ndogo kila kilichofutwa kilifutwa kwa sababu, na kilichobaki kinamfanya mtu aondoe mguu kwenye mafuta kabla hajajua kwa nini. Karibu na geti kuna bango jingine, la faini, kila mnyama na bei yake kwa atakayemgonga. Hilo linamtaka msomaji aliyesimama. Jicho linalokimbia halisomi orodha, na ndiyo maana ile pembetatu ikapewa kazi ya kwanza.

Mimi nimekulia Kilosa, na Kilosa ilinifundisha kusoma nikiwa nimesimama. Ni mji wa reli. Wajerumani waliijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikapanda kufuata bonde la Mkondoa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye tawi likateremka kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu. Treni ikichelewa, nayo ilichelewa, ulikuwa unasoma kila kitu kilichoandikwa stesheni: jina la kituo, ubao wa nauli, namba za mabehewa, yale maandishi madogo ubavuni mwa behewa la mizigo yanayotaja uzito wake likiwa tupu na uzito linaoruhusiwa kubeba. Hayo yalipigwa kwa stensili. Kila O ilikuwa imekatika sehemu mbili, juu na chini, na kwa miaka mingi nilidhani ni mapambo. Siku moja mjomba, aliyekuwa anafanya kazi ya mizigo pale, aliniletea bati lenyewe lililotobolewa, akaniwekea mkononi. "Haya, toa hivi vishikizo viwili uone." Nikaelewa. Bila vile vishikizo tumbo la O lingedondoka, ungebaki na shimo. Mpaka leo nikiona herufi ya stensili kwenye gunia au kwenye kreti, jicho langu linakwenda kwanza kwenye ule mkato, mahali ambapo mtu alizuia kitu kisidondoke.

Nilichokipenda kuliko vyote ni tiketi. Ilikuwa kadibodi ngumu, urefu karibu sentimita sita na upana tatu, inaenea kiganjani mwa mtoto. Asili yake ni Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1830, ambako mkuu wa kituo kimoja aitwaye Thomas Edmondson alichoka kuwaandikia abiria tiketi kwa mkono, akabuni kadi iliyokwisha kuchapwa yenye namba yake ya mfululizo. Umbo hilo likaenea katika reli za dunia kwa zaidi ya miaka 100. Sidhani kama nimewahi kushika karatasi iliyopangwa vizuri kuliko ile. Unakotoka, unakokwenda, daraja, nauli, namba. Mkaguzi aliisoma kwa mwanga hafifu wa behewa la daraja la tatu, treni ikiyumba, akaitoboa bila kumwamsha aliyelala jirani. Ugumu wake ulikuwa sehemu ya maandishi: hata gizani vidole vilijua kwamba hiki ndicho, si noti wala risiti. Bibi yangu alikuwa anaifunga kwenye ncha ya khanga, fundo moja, na alijua iko salama.

Khanga ile nayo haikuwa na kitu kilichowekwa kwa bahati. Ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji, ndani ya kisanduku chake. Mpangilio huo umedumu kuliko serikali zote zilizoutawala ukanda huu tangu karne ya kumi na tisa. Duka la ukoo wa Kaderdina, Mombasa, ambalo limekuwapo tangu 1887, linasifika kwa mchango wake katika kuyazoesha maneno kwenye khanga, na alama yake ya Mali ya Abdulla imepita mikononi mwa vizazi vya kina bibi. Huku Bara khanga nyingi za bibi zilitoka Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Ndani ya fremu hiyohiyo moja wasanii wamechora korosho, mananasi, jogoo, mwezi na nyota, wala hawajaimaliza. Kisutu, na rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe, inamtambulisha bibi harusi kwa mbali hata kama husikii ngoma.

Bibi hakujua kusoma, na bado sijaona mnunuzi wa khanga aliyekuwa mgumu kama yeye. Tulikwenda sokoni Kilosa, mimi nikiwa msomaji wake. Kwanza aliikunjua doti nzima juu ya meza, akaangalia kama pindo limekutana sawa kwenye pembe. Pembe zilizoachana aliziita uvivu. Kisha alimpa muuzaji aivae mabegani na kumwambia ageuke. "Geuka, mwanangu, niangalie anayekuja nyuma yangu ataona nini." Baada ya hapo ndipo aliniambia, haya soma. Jina likiwa zuri lakini limechapwa kwa herufi zilizobanana, aliikataa. Alikuwa anaziona hizo herufi kama umbo, kama alivyoona korosho, na umbo lilikuwa limemwambia kwamba aliyechora hakujali.

Bibi huyohuyo alipiga kura mwaka 1965. Katika uchaguzi ule wa chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakusoma, kila mgombea alipewa picha: mmoja jembe, mwingine nyumba. Nikifikiria kazi aliyopewa mchoraji wa picha hizo mbili, moyo unanienda mbio. Zilitakiwa zitambulike na mtu wa Kilosa, wa Bukoba na wa Mtwara, na isitoshe zisimpendelee yeyote. La kwanza lilifanikiwa. La pili halikuwezekana, kwa sababu katika nchi ya wakulima jembe halikai kimya. Wagombea waliligundua hilo upesi, majukwaani watu wakabishana ni kipi kinatangulia, jembe linalolisha au nyumba inayositiri. Huko Ulaya, Otto Neurath wa Vienna alikuwa ametumia maisha yake kutafuta picha zitakazosema bila kulipendelea lolote, na mkewe Marie akazipeleka kazi hizo hadi Nigeria Magharibi miaka ya 1950. Sijui kama yeyote kati yao angeweza kulinyamazisha jembe. Bibi alimsahau mgombea wake jina na sura. Picha aliikumbuka hadi mwisho.

Kuna siku moja iliyonifanya nijue kwamba mambo haya si anasa ya macho. Nilimpeleka shangazi hospitali moja mjini, akiwa na presha na miguu iliyovimba. Tulielekezwa chumba fulani. Tukatembea ukumbi mzima, tukarudi, tukatembea tena, mara ya tatu shangazi akakaa sakafuni. Chumba tulikuwa tumekipita mara zote. Mlangoni pake palikuwa na turubai lililochapwa, lenye picha ya maua na daktari anayetabasamu, na juu ya maua hayo jina la idara kwa herufi nyeupe nyembamba zilizozama kwenye njano. Mtu alilipwa kutengeneza kile kitu. Aliketi mbele ya kioo chenye mwanga, akiwa na nafasi, akiwa hana uvimbe wa miguu, akaona kinapendeza. Bado nina hasira na turubai lile.

Wiki hiyohiyo, zahanati ya karibu na nyumbani, dada mtoa dawa alimkabidhi shangazi bahasha ndogo ya kaki. Alikuwa ameandika 1 x 3 kama kawaida, halafu akamtazama usoni, akaichukua tena bahasha, akachora kwa biro ya bluu jua linalotoka nyuma ya kilima, jua la utosini, na mwezi. Chini ya kila picha akaweka kiduara kimoja, kidonge. Haikumchukua hata nusu dakika. Shangazi aliibandika ukutani juu ya kitanda kwa kipande cha plasta na hakukosea dozi hata siku moja. Vidonge viliisha, bahasha ikabaki pale. Ninayo sasa. Kilima amekichora kwa mstari mmoja tu, umepinda mara mbili, na nikikiangalia naiona milima ya Kilosa ilivyo asubuhi.

Sina ugomvi na kompyuta wala na mashine za kuchapa turubai. Fundi naye ana simu, na ameshakubali kwamba kazi nyingi zimehama. Kuna kijana mmoja Kilosa mwenye duka la kuchapa, chumba kimoja tu, ambaye hatoi bango kwa mteja kabla ya kulitoa nje juani. Analitundika kwenye mlango wa jirani, anamshika mteja mkono, wanavuka barabara pamoja. Wateja wengine hukasirika kwa kupotezewa muda. Nilimwambia nina mtu Mikumi anayefanana naye, akasema hamjui. Basi. Mashine ya kijana huyo ina maumbo ya herufi mamia, naye anatumia matatu, na hayo matatu anayajua kama watoto wake. Mwaka 2024 treni za abiria za reli mpya ya SGR zilipoanza kupita Kilosa, aliniambia alikwenda stesheni akakaa nusu siku akitazama mishale tu, inaelekeza wapi, inasimama wapi, mtu akitoka ndani ya behewa anauona upi kwanza. Hakuna aliyemtuma.

Nirudi Mikumi. Saa kumi na mbili jioni fundi alikuwa amemaliza MIKUMI kwa rangi ya buluu iliyokolea, na kivuli chembamba chekundu upande wa kulia wa kila shina, na chini yake VIPURI VYA MAGARI kwa herufi ndogo zaidi. Mwenye duka alitoka, akalisifu, akamlipa. Mama lishe alikuwa anaosha masufuria. Nilidhani fundi ataikunja ngazi aondoke. Akaja akakaa kwenye benchi letu, mikono imejaa buluu hadi viwiko, akaomba chai.

"Umemaliza, fundi?"

"Bado. Usiku haujalisoma."

Tukakaa. Mbu wakaanza. Giza lilipoingia sawasawa, lori la kwanza likatokea upande wa Iringa, taa zake zikapanda juu ya paa la duka, zikashuka, zikalipata bati kutoka mwisho. Zikapita MAGARI, zikapita VYA, zikafika kwenye M. Fundi alikuwa ameinama mbele, macho amekunja. Lori likapita na vumbi lake.

"Ile A ya pili ya MAGARI," akasema. "Umeiona? Inajifunga. Kesho nitaipanua tumbo."

Akaweka kikombe chini, akangoja lori lingine.